Mpira Usitoke Langoni Bila Idhini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kutokana na udhuru wa yule aliyealikwa ni mimi mwenyewe, Mwenyekiti wenu wa timu. Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati Kuu, wa Kamati Ndogo, na wa Kamati ya Kuichunguza Kamati Ndogo. Mzee wetu Mlezi wa Timu, ambaye naomba asiamshwe. Shemeji yangu Mtunza Hazina. Mpwa wangu Nahodha. Viongozi wa mashabiki, wakiwemo waliokuja na mabango ambayo nasihi yageuzwe upande usioandikwa. Mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa, na ambaye sikumtaja ajue nimemtaja moyoni. (Makofi, mstari wa mbele tu.)

Nimesimama hapa kwa unyenyekevu mkubwa, ambao wengi wenu mmeusifia kwa kuwa niliwaomba, ili kuzindua Kituo cha Umahiri wa Usambazaji wa Mpira kwa Makipa Ambao Timu Zao Zinafungwa, kituo ambacho kwa kifupi kitaitwa kwa jina hilohilo.

Ndugu zangu, wataalamu wetu walizuru ng'ambo kwa muda mrefu, picha zao za ufukweni mmeziona, na wamebaini kwamba tatizo la kipa wa timu inayofungwa ni haraka. Anadaka mpira, hata hajausalimia, ameshaurusha! Na ninyi mnashangilia! Lakini takwimu hazidanganyi: asilimia tisini na tatu ya mabao tuliyofungwa msimu huu yaliingia wakati mpira hauko mikononi mwa kipa. (Sauti: "Na asilimia saba?") Inafanyiwa tathmini.

Ndiyo maana, baada ya semina, kongamano na warsha ya kulitathmini kongamano, nikabuni mimi binafsi ile fremuweki shirikishi inayosema kwamba mpira ukidakwa utulizwe, kipa amtafute Nahodha popote alipo, Nahodha aridhie kwa kuinua mkono, na hapo ndipo mpira usambazwe, kwanza kwake yeye Nahodha, kisha kwa wadau wengine kadiri hali itakavyoruhusu. Wapo wanaosema nimemweka Nahodha kwa kuwa mama yake ni dada yangu. Hayo ni majungu. Hata angekuwa mtoto wa kaka yangu ningemweka. (Kicheko. Nahodha anainama kukagua viatu vyake.)

Sasa nije kwenye mechi ya Jumamosi, maana maneno yamekuwa mengi, vinyozi wananyoa watu upande mmoja huku upande wa pili wananinyoa mimi. Sote tunajua tulihitaji sare tu ili tusishuke daraja. Tuko nyuma bao moja, muda unayoyoma, na kipa wetu, huyu kijana mnayemwita Kufuli, akaruka katikati ya watu wanne akaidaka krosi. Safi. Mimi nilikuwa jukwaa kuu, soda yangu ndiyo kwanza inafunguliwa, lakini uongozi ni kujitoa mhanga: niliiacha ile soda, nikashuka ngazi, nikaenda kusimama kando ya goli. Kocha akanipigia kelele, "Mzee, toka hapo, unamchanganya mtoto!" Nikamsamehe papo hapo. Barua ya kumfukuza ilikuja baadaye.

Winga wetu wa kushoto, yule fundi redio mnayemwita Umeme, alikuwa peke yake, anapunga mikono kama mtu anayezama mtoni. Kufuli akauvuta mkono nyuma amrushie. Nikanguruma, "Kufuli! Utaratibu!"

Akanigeukia. "Mzee, Umeme yuko peke yake!"

"Nahodha kwanza!"

"Nahodha anafunga kamba za kiatu!"

"Msubiri!"

Akamsubiri. Kijana ana adabu, hilo sitamnyima. Akaukumbatia mpira kifuani, macho kwangu, macho kwa Umeme, macho kwa Nahodha, na kile kiatu nacho, ndugu zangu, ni cha kisasa, kina matundu mengi. Refa, ambaye hakuhudhuria hata semina moja, akapuliza filimbi kwamba kipa ameshikilia mpira kupita muda, akawapa wapinzani. Wakaupiga, wakafunga. Mbili bila. Lakini nataka historia iandike kwamba bao lile tulifungwa kwa kufuata taratibu zote. (Miguno. Mama yake Kufuli, fundi cherehani, anasimama, tepe ya kupimia ingali shingoni: "Mwanangu alikutii wewe ndipo akafungwa!") Mama, keti. Maswali ya wazazi yana siku yake.

Sasa sikilizeni utovu wa nidhamu. Dakika ya mwisho, Kufuli akadaka tena. Kabla sijafungua kinywa, na mnajua kinywa changu hakichelewi, akaurusha chinichini hadi kwa Umeme. Umeme akampita wa kwanza, akampita wa pili, nyavu zikatikisika. Uwanja ukalipuka. Hata Mlezi wa Timu aliamka akauliza nani kafariki. Mimi sikushangilia. Kiongozi hashangilii jambo ambalo halikupita mezani kwake. Filimbi ya mwisho ikalia, mbili kwa moja, na hivyo tumeshuka daraja, au kwa lugha ya kitaalamu, tumesogezwa karibu na wananchi. (Sauti nyingi: "Ungemwacha aurushe ule wa kwanza tungepata sare!") Nimeyapokea kama maoni.

Nilimfuata kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Alikuwa amekaa sakafuni, paji la uso ukutani, glavu hajavua, na wenzake wamesimama tu, hakuna anayejua pa kuweka mikono. Akaniambia, "Mzee, nimewaangusha." Nikamjibu kwa ubinadamu, "Ndiyo, mwanangu." Umeme akadakia, "Kufuli, hukuangusha mtu. Umeangushwa." Nikatoka, maana palikuwa na harufu ya siasa.

Kwa hiyo, kwa bao lile lililofungwa bila idhini, nimemsimamisha Kufuli kucheza mpira popote pale mpaka atakapohitimu mafunzo katika Kituo hiki ninachokizindua leo. Sikumfukuza. Nimemfungulia mlango. (Zomeazomea. Mlezi wa Timu anapiga makofi, anagundua yuko peke yake, anaacha.)

Tumalizie kwa kaulimbiu. Nikisema "Tukifungwa," mseme "Tutulie!" Tukifungwa! (Kimya.) Nikisema "Mpira," mseme "Mkononi!" Mpira! (Nahodha: "Mkononi!") Ahsante, mpwa.

Shukrani zangu za dhati kwa mama mwenye ghala la mbao, aliyetuazima ukuta wake wa nyuma hadi saa kumi ili tufunge utepe. Namshukuru mwenye kiwanja cha Kituo, popote alipo, kwa kuwa hatujampata. Nawashukuru wakufunzi, ambao wataajiriwa mara nafasi zao zitakapobuniwa. Namshukuru mfadhili, na ninamsihi ajitokeze. Na zaidi ya wote namshukuru mchora vibao, aliyekesha akituchorea madirisha manane, maua ya bustani, na mlango ambao kwa kweli hata mimi asubuhi niliubishia hodi.

(Utepe unakatwa. Kufuli anatoka katikati ya watu, begi begani, mama yake nyuma yake. "Mzee, nimekuja kuanza mafunzo. Nataka nirudi kucheza." Anaukaribia ukuta, ananyoosha mkono kwenye kitasa.)

Hapana, mwanangu, usiguse hapo! Rangi haijakauka.