Kituo cha Gesi cha Litembo

Jumatatu, 7 Julai 2025
Litembo, baridi kali. Mtungi wa gesi bado mzito, lakini jiko linawaka kwa kusinzia na maharage hayachemki. Mke wangu Kunigunda kifua chake kibovu, daktari amemkataza moshi wa kuni. Na Jumapili mama yake anakuja! Nimemwahidi mkwe kwamba binti yake hatagusa kuni. Jirani Joakim ametuletea mzigo mzima wa kuni, bila kuombwa. Mnafiki!

Jumanne, 8 Julai
Nimesoma kwenye simu. Kumbe! Nchi za wenzetu meli huleta gesi iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika, nyuzi 162 chini ya sifuri. Kituoni huipitisha kwenye mabomba yanayomwagiwa maji ya bahari. Kwetu maji hayo ni baridi, kwa gesi ile ni moto. Inachemka, inarudi kuwa gesi. Basi hata mtungi wetu una kimiminika, unakosa bahari tu. Na sisi tuna Ziwa Nyasa! Kunigunda ameuliza kama nina homa.

Jumatano, 9 Julai
Mbamba Bay kwa bodaboda, mtungi umefungwa nyuma, jiko mapajani. Nikautosa ziwani. Nilidhani utazama. Ukaelea! Ukaondoka zake. Mvuvi mmoja, Meshack, akaufuata kwa mtumbwi, akaniletea, kisha akataka kujua mitungi naivua kwa chambo gani. Nikaunganisha jiko, mtungi ukiwa bado majini. Moto wa bluu, mrefu! Nimerukaruka ufukweni, mtu mzima na heshima zangu.

Alhamisi, 10 Julai
Nyumbani moto umefifia tena. Joakim amechungulia dirishani, akauliza kama kuni zinatosha.

Jumapili, 13 Julai
Mama mkwe amefika baada ya misa. Nikamwamkia, nikamweleza meli, mabomba, nyuzi 162. Alisikiliza mpaka mwisho, maskini. Kisha akausimamisha mtungi kwenye beseni la maji vuguvugu. Basi. Moto ukapanda. Kunigunda kapika wali, maharage na kuku, hakukohoa hata mara moja. Aliimba! Nilitoka nje kidogo, machozi yalinilenga. Nampenda sana mwanamke huyu.

Lakini beseni ni la watu wasio na ziwa. Kosa langu nimeliona: niliurudisha mtungi. Kuanzia kesho mtungi unabaki Mbamba Bay, chakula kinapikwa huko, kinapanda Litembo kwa bodaboda. Njiani ni saa chache tu. Kitafika cha moto.