Kuku 298 wa Mjane

Jumatatu, 3 Machi
Mkurugenzi kasema kitengo chetu cha takwimu kitapata mkuu. Mkuu atapata chumba chenye dirisha. Tunaogombea ni wawili: mimi na Shemeji, mdogo wake mke wangu. Atakayeleta jedwali sahihi la kuku Alhamisi, cheo chake. Kaya mia nne, kila moja imetembelewa miaka mitano. Swali moja tu: kuku wameongezeka au wamepungua? Kwenye programu ya takwimu, Shemeji huandika amri, mstari baada ya mstari, kama anamwandikia mchumba. Mimi nabofya menyu. Kuandika ni kwa wasiojua pa kubofya.

Jumanne, 4 Machi
Tumelinganisha. Kwangu kuku wameongezeka. Kwake wamepungua. Programu ile ile, data ile ile! Shemeji kacheka, kaniambia pole shem, mashine haidanganyi. Nimechapisha jedwali lake, nikajifungia stoo na rula.

Jumatano, 5 Machi
Nimemkamata! Mjane wa kaya ya 18 ana kuku wawili tangu tuanze kumtembelea. Kwa Shemeji, mwaka wa kwanza tu kapoteza kuku 298. Kawatoa wapi? Kwa jirani, mfugaji wa kaya ya 17, aliyemaliza na mia tatu. Mimi menyu iliniuliza kila mstari ni wa kaya ipi na mwaka upi, nikajibu. Amri zake hazikusema lolote, basi kwenye kila mstari programu ikapunguza hesabu ya mstari wa juu yake, hata ukiwa wa kaya nyingine. Mke wangu kaomba nimwambie mdogo wake leo, asiaibike mbele za watu. Nimemjibu kazi ni kazi. Shati nimepiga pasi mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeshinda! Nilisimama nikasimulia msiba wa mjane. Walicheka mpaka karani wa mapokezi akaja kuuliza kulikoni. Shemeji alisema asiyekubali kushindwa si mshindani, akaongeza kwenye amri zake mstari mmoja wa kutaja kaya na mwaka, majibu yakawa sawa na yangu. Mkurugenzi akanikabidhi ufunguo. Akasema habari za kuku wa jirani asizisikie tena.

Ijumaa, 7 Machi
Chumba kina upepo mzuri. Kompyuta mpya. Mkurugenzi anataka jedwali la bata kabla ya saa sita. Menyu ikaanza maswali yake. Mkuu hahojiwi, nikabofya ruka. Shemeji kachungulia mlangoni, kauliza kama nimeiambia programu mistari ni ya nani. Nimemkumbusha nani kamfundisha nani. Kaondoka.

Jibu limetoka upesi: bata wamepungua vibaya. Mjane wa kaya ya 18 peke yake kapoteza 140, mwaka wa kwanza tu. Yule mama ana mkosi, nimemwonea huruma kweli. Nimependekeza ajengewe banda imara, nikatia saini ya mkuu, nikatuma.