Mikono Niliyoikata

Alhamisi, 14 Agosti
Jumamosi naenda kujitambulisha kama mchumba kwa Mzee Swaleh, baba yake Amira. Mzee ni kiziwi, anauza nyama hapa Kalangalala, na kisu hakimtoki mkononi. Mimi nilimwambia Amira lugha ya alama naimudu kabisa. Uongo mtupu! Leo kaniletea karatasi kubwa ya picha: watu wanasalimia kwa alama za nyumbani kwao. Kasema nikiharibu, Jumapili baba atampokea Doto. Doto! Yule dalali wa dhahabu anayejichekesha hovyo.

Ijumaa, 15 Agosti
Sikulala vizuri. Nimeota kisu. Lakini akili ninayo! Karatasi haifichiki, basi nimechukua mkasi, nimekata mikono peke yake, nimeibandika ndani ya kofia. Miili ya nini? Nimeisukuma uvunguni. Nikivua kofia kwa heshima, nasoma. Kiganja wazi, vidole vimebanana. Rahisi!

Jumamosi, 16 Agosti
Nimekwisha. Nilifika buchani. Nikavua kofia, nikachungulia, nikaweka kiganja palipokuwa karibu: tumboni. Mzee akanitazama. Nikarudia kwa nguvu zaidi. Akashika kisu, akainuka! Nilitimua mbio hadi stendi, kandambili moja imebaki kule. Nimejifungia ndani. Kila hodi nadhani ni yeye.

Jioni kaja Amira. Nimemsikiliza kupitia dirisha. Kacheka mpaka kakaa chini. Kumbe kiganja kile kile, kwenye paji la uso ni shikamoo. Tumboni ni njaa. Mzee aliinuka kunikatia maini! Mama Amira kayakaanga, nimeletewa kwenye bakuli. Halafu Amira akaacha kucheka. Akasema Mzee ananipa nafasi nyingine kesho asubuhi, kabla ya Doto, na hakutakuwa na ya tatu. Akaniomba, machozi yanamlengalenga, safari hii nisome karatasi nzima.

Jumapili, 17 Agosti, asubuhi
Maini matamu. Na Amira nimemwelewa: vichwa navyo vinahitajika! Nimevuta karatasi uvunguni, nimekata vichwa vyote na matumbo yote, nimevibandika kofiani. Kichwa kipi ni cha mkono upi, sijui tena, ila hakuna kilichobaki nje. Dirishani namwona Doto anaelekea buchani mapema, kichwa wazi. Maskini, hana hata kofia!