Filamu Isiyo na Maneno Mengi

Jumatatu, 6 Julai 1953

Hatimaye! Gari la sinema linatafuta mfasiri. Mtu wa kushika kipaza sauti, kuwaeleza watu kinachosemwa kwenye filamu, na kuzunguka nalo mashamba ya mkonge yote kutoka hapa Korogwe mpaka Handeni. Atapewa suruali za kaki. Atakaa mbele na dereva. Mbele! Mimi ambaye tangu nianze kazi ya stoo nasafiri nyuma ya lori, juu ya singa za mkonge, nikikohoa.

Hajira atarudi. Mke wangu yuko kwa baba yake Mkumbara tangu ule mradi wangu wa bata, ambao sitaki kuueleza. Alisema atarudi siku nitakapokuwa na kazi inayoeleweka na mdomo usiosema uongo. Kazi ndiyo hii. Hilo la pili tutazungumza.

Kikwazo ni kimoja, kinaitwa Yordani. Koplo wa zamani wa Keya, jeshi la Mwingereza, alipigana vita huko Bama, sasa ni mnyapara wa korona, kwenye mashine ya kuchakata mkonge. Naye anaitaka kazi hii. Tena yeye Mnyamwezi na mimi Mzigua, yaani ni mtani wangu: akinitukana mbele za watu sina ruhusa ya kukasirika. Leo ameniita panya wa stoo. Nikacheka. Rohoni nilikuwa nalia.

Jumanne, 7 Julai

Kikao cha kuchagua filamu ya Jumamosi. Bwana Ustawi, yule Mzungu kijana anayesimamia starehe na usafi kambini, alituita mimi, Yordani na Mama Efrazia anayewasemea wanawake. Zimeletwa filamu tatu kutoka Tanga, zote za vita, zote za siku nyingi, na zote yeye amesema ni nzuri mno. Moja ya jangwani, moja ya manowari, moja ya msitu wa Bama.

Nikasema nimeziona zote. Sijaona hata moja.

Ila nilikuwa nimekwisha kumwuliza Kaleb, dereva wa gari la sinema, ni ipi yenye maneno machache. Kiingereza changu ni cha kusoma maandishi ya magunia. Kaleb akasema ya jangwani: vifaru na mizinga mwanzo mpaka mwisho, na mtu mmoja anayeomba maji. Basi niliitetea ya jangwani kama wakili. Nilisema vita ni vifaru. Nilisema mchanga humwonyesha shujaa vizuri kwa kuwa hana pa kujificha. Mama Efrazia akauliza kama ndani yake kuna mti hata mmoja. Hakuna. Akasema watu wametoka kukata mkonge juani kutwa, sasa jioni tuwaonyeshe jua jingine?

Ya manowari aliikataa Yordani. Alisema waliokwenda Bama walitapika melini tangu Kilindini mpaka Kolombo, na hakuna anayetaka kukumbushwa. Ya msitu ndiyo ya kweli, akasema: mvua, matope, watu wanasubiri. Nikamwuliza filamu ya watu wanaosubiri ni filamu gani. Akajibu kwamba hiyo ndiyo vita yenyewe, ila panya wa stoo atajuaje. Wote wakacheka. Bwana Ustawi naye akacheka, na yeye si mtani wa mtu yeyote!

Hatukuafikiana. Keshokutwa watu wa kambi wataamua kwa kunyoosha mikono.

Jumatano, 8 Julai

Nimepata hila. Asubuhi, kwenye bomba la maji, nimewanong'oneza wanawake kwamba filamu ya msitu ina chatu anayemmeza askari mzima mzima na buti zake. Wajawazito wasiisogelee. Wenye moyo wa haraka walale mapema. Kufika adhuhuri habari ilikuwa imefika korona. Filamu ya msitu imekufa, na mimi ndiye niliyeiua. Jioni nimefanya mazoezi ya kusema "maji" kwa huzuni.

Alhamisi, 9 Julai

Wanamtaka chatu.

Mikono yote ilipanda kwa filamu ya msitu. Wamekuja hata watu wa shamba la jirani kuulizia kama kuna nafasi ya kukaa karibu na chatu. Mama mmoja mjamzito alinyoosha mikono yote miwili. Filamu ya jangwani ilipata mkono mmoja, wangu, nao niliunyoosha nusu.

Kaleb ananiambia filamu ya msitu ndiyo yenye maneno mengi kuliko zote. Kule watu wanaongea hata wakiwa wanakata roho. Na Bwana Ustawi ameamua: Yordani atafasiri nusu ya kwanza, mimi nusu ya pili, na atakayewafurahisha watu ndiye atakayepanda gari. Sina hamu hata ya uji.

Ijumaa, 10 Julai

Mtani ana haki ya kuchukua kitu cha mtani wake bila kuomba. Desturi hiyo wametuachia wazee wetu, na leo nimeitumia. Nimechukua koti la jeshi la Yordani lililokuwa limeanikwa kambani, pamoja na nishani zake, ili kesho asimame mbele ya watu kama kibarua yeyote. Nilitegemea atavimba kwa hasira, Bwana Ustawi amwone hana adabu.

Hakuvimba. Alikuja na Wanyamwezi wenzake, wakaung'oa mlango wa nyumba yangu, wakaondoka nao mabegani huku wakiimba. Haki ni haki. Sasa naandika na mbuzi wa jirani ananitazama, miguu miwili ndani, miwili nje. Koti lenyewe halinitoshi.

Jumapili, 12 Julai

Natamani ardhi ipasuke. Lakini niandike kwa mpango.

Jana watu walijaa uwanjani mpaka juu ya matrela ya mkonge. Yordani akaanza. Kwa sauti ileile ya kuita majina ya vibarua akasema: hapa wanasubiri. Bado wanasubiri. Huyu anaogopa. Hata mimi kule Bama niliogopa. Watu wakaanza kupiga miayo na kumwuliza chatu yuko wapi. Nikaona mambo yangu yananyooka.

Ikafika zamu yangu. Wale Wazungu wa kwenye filamu walikuwa wakiongea kama mahindi yanayokaangwa. Nilishika neno moja tu, chai. Basi nikaanza kutunga. Nikawapa wote majina, nikawapa wake na madeni na wakwe wakorofi. Watu wakachangamka! Kisha askari mmoja akapigwa risasi, akaanguka mvuani, uso wote matope, hujui kama ni Mzungu au mtu wetu. Mdomo wangu ukasema kwamba huyu ni Mzigua, mtoto wa Mazingara. Uwanja ukalipuka. Wakauliza jina lake. Nikasema Mwinjuma. Nikasema anamwambia mwenzake: mwambieni mama yangu sikufa na njaa.

Hapo watani hawakuweza kuvumilia. Mzigua amekufa, na Wanyamwezi wamekaa tu? Wakaruka mbele ya kile kitambaa cheupe. Mmoja akalala chini palepale wale Wazungu walipokuwa wakichimba kaburi, akasema hazikwi mtu hapa mpaka watani wapewe jogoo. Wengine wakacheza, vivuli vyao vikiruka juu ya kofia za maofisa. Watu walicheka mpaka wakashikana. Bwana Ustawi alikuwa akipiga makofi. Nikajua kazi nimeipata.

Kisha nikasikia mwanamke analia, na hakuwa akilia kwa mchezo.

Bibi Mwanaidi. Anaishi na binti yake Korogwe ya zamani, kule mtoni, lakini kwao ni Mazingara kama mimi. Mwanawe Mwinjuma nilichunga naye mbuzi. Alikwenda Keya, akaenda Bama, na serikali ikaleta habari kwamba hajulikani alipo. Basi. Tangu siku hiyo hakuzikwa wala hakurudi. Nami nilikuwa na majina yote ya duniani ya kuchagua! Nilijiambia jina limetoka lenyewe. Halikutoka lenyewe. Lilikuwa limekaa ndani yangu miaka yote hiyo, na nimelitoa ili nipate suruali.

Mashine ikazimwa. Leo Bwana Ustawi ameniita, akaniambia yule aliyekufa kwenye filamu ni Mwingereza, mwalimu wa piano. Kazi amepewa Yordani.

Jumatatu, 13 Julai

Bibi Mwanaidi amekuja. Nilimwona tangu mbali na nikataka kujifungia, lakini mtu asiye na mlango anajifungia na nini? Nikatoka, nikamwamkia shikamoo, nikasubiri matusi.

Hakutukana. Alikaa kwenye kigoda akaniuliza kama mwanawe alifunikwa. Nikasema alifunikwa. Kwa kitu gani? Kwa blanketi. La rangi gani? La kijivu, nikasema. Akasema vizuri, maana tangu mdogo baridi ilikuwa ikimsumbua sana. Akasema miaka yote hii hajamsomea hitima, kwa kuwa mama hawezi kumsomea hitima mtu anayeweza kubisha hodi kesho. Sasa ataisoma Ijumaa. Na mimi niende nikawaeleze ndugu mwanzo mpaka mwisho, na habari ya blanketi nisiisahau.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Kinywa kilifunguka kabisa. Kikasema nitakuja, Bibi.

Jumamosi, 18 Julai

Jana kwenye hitima nililoa jasho kabla sijakaa mkekani. Yordani alikuwepo. Yeye ndiye mtu pekee pale aliyeiona Bama kwa macho, na mtani msibani anasema lolote, hakuna wa kumziba mdomo. Nikaeleza. Mvua, matope, rafiki aliyemshika mkono, blanketi. Watu wazima walilia. Yordani alikuwa akinitazama tu.

Dua ilipokwisha akasimama. Akasema msiba huu una kasoro, maiti hayupo, na watani hawawezi kufanya kazi bila maiti. Akanielekeza kidole mimi. Kabla sijakimbia walikuwa wamenizungushia mkeka, wamenilaza kwenye kitanda cha kamba, wamenibeba na kunizungusha uani. Yordani akitangulia, akilia kwa sauti kubwa kwamba hapa amelala Kibwana, panya wa stoo, ameuawa na ulimi wake mwenyewe, nani atamlilia, hata mlango hakuacha! Bibi Mwanaidi alicheka mpaka akajishika ubavu. Kisha akalia. Kisha akacheka tena huku machozi yakimtoka, na binti yake akasema hajamwona hivyo tangu vita.

Nikiwa huko juu nikamwona Hajira kati ya wanawake. Peke yake alikuwa hacheki.

Baadaye akaniita pembeni. Alikwisha kusikia yote, chatu, sinema na blanketi. Akasema hana haja ya suruali ya kaki. Ana sharti moja. Niende sasa hivi nimwambie yule mama kwamba sikumwona mwanawe, na yeye Jumapili atarudi nyumbani.

Nikaenda. Naapa nilikwenda nikiwa na maneno tayari. Bibi Mwanaidi alikuwa akigawa nguo za Mwinjuma alizozitunza sandukuni. Akanipa shati. Akasema mimi ndiye niliyemrudisha nyumbani. Likanikaa sawasawa mabegani, si kama lile koti.

Nikarudi kwa Hajira nikamwambia nimesema. Akauliza Bibi alifanyaje. Nikasema alilia. Na kweli alilia.

Jumapili, 19 Julai

Hajira amerudi! Yordani naye amerudisha mlango, ameupachika juu chini, komeo liko magotini. Sijali. Tumekula bada, ugali wetu wa muhogo, na mboga ya kisamvu, na Hajira amenitazama mara mbili bila kuguna. Usiku wa jana nilikuwa mtu aliyekwisha. Leo mimi ni mume. Nimeapa sitabuni jambo lolote tena.

Jumanne, 21 Julai

Wamenijia wazee wawili kutoka Mkumbara, Mzee Eliasi na Mzee Fransisko, na jogoo mwekundu amefungwa miguu. Wote wawili wana watoto waliokwenda Keya na hawakuonekana tena. Wamesikia habari za Bibi Mwanaidi. Wameuliza, kwa adabu sana, kama wao pia ninaweza kuwatazamia watoto wao kwenye filamu.

Ningewafukuzaje? Wametembea na jua lote hilo. Nikawaambia wasubiri, nikamkimbilia Kaleb kumwuliza gari linaleta filamu zipi mwezi ujao. Ziko mbili. Moja ni ya wafungwa wa vita, watu wanaoshwa na kunyolewa, nyuso zinaonekana wazi. Haifai. Nyingine ni ya ndege. Ndege zinaanguka moja baada ya nyingine, moshi mtupu, na kila mtu aliyemo amevaa miwani inayoziba uso mpaka puani. Hiyo ndiyo filamu! Wala haihitaji kikao. Kipaza sauti abaki nacho Yordani, mimi nitakaa na wazee pembeni nikiwanong'oneza.

Nimerudi nikawauliza taratibu vijana wao walikuwa warefu au wafupi, na walikuwa wakipenda kula nini. Mzee Fransisko alisema viazi vikuu. Alisema mara tatu.

Hajira alikuwa jikoni akisonga ugali. Ghafla mwiko ulinyamaza. Wazee wameondoka, jogoo yuko chini ya meza, na mke wangu anakunja nguo zake moja moja juu ya kanga iliyotandikwa. Sijui safari hii nimekosa nini.