Nyumbu Wangu Kwenye Albamu ya Ardith

Jumatatu, 4 Machi 1974

Nimeingia! Studio inayorekodi albamu ya mwanamama Ardith Combs, mwimbaji wa kantri, na mimi, Delmas Pruitt, nimo ndani. Kwa cheo cha mpika kahawa, lakini ndani ni ndani. Mke wangu Twyla ameshatoa amri: jina langu lisipopata nafasi kwenye santuri ya mtu wiki hii, Jumamosi tunauhama mji huu wa Nashville, nikauze chakula cha kuku dukani kwa baba yake, Cookeville. Mzee ameshaninunulia aproni. Ina picha ya jogoo.

Ardith huandika nyimbo zake mwenyewe. Ila nimesikia koridoni kwamba umebaki wimbo mmoja tu wa kurekodi. Na mimi ninao mmoja, wa nyumbu wa kukokota jembe: "Nyumbu Wangu Hanijali". Mungu si Athumani!

Jumanne, 5 Machi

Mpango wa kwanza: kumwimbia Ardith akiwa anakula, maana mtu mwenye chakula mdomoni hawezi kukataa. Nikampelekea kuku wa pilipili. Nilichagua yule mkali kuliko wote, kwa heshima. Kosa! Machozi yalimtoka kabla sijafika kwenye kiitikio. Nikadhani ni wimbo. Nikarudia ubeti.

Buford Tackett, mpiga gitaa la pedali, lile linalolazwa na kupigwa kwa chuma, mtu wa masharubu na roho mbaya, akauliza kama nyumbu amekufa au ndiye anayeimba. Bendi nzima ikaangua kicheko. Ardith hakucheka. Alisema, kwa sauti iliyokauka, "Kaka, moyo unao. Sasa niletee maziwa."

Moyo ninao! Kasema mwenyewe.

Jumatano, 6 Machi

Leo nimeshinda mdomo wazi. Hapa mjini wanamuziki hawasumbuki na noti. Kila mmoja huwekewa karatasi ya namba: moja, nne, tano. Kila namba ni kundi la sauti zinazopigwa pamoja, inamwambia mahali pa kwenda na gitaa lake. Watu ambao hawajawahi kuusikia wimbo wanaikodolea macho karatasi kwenye stendi, prodyuza Wendell Haskew anahesabu hadi nne, na wimbo unatoka mzima! Bila mazoezi! Hata Buford. Inaniuma kuandika, lakini gitaa la yule mtu linalia mpaka unawakumbuka wote uliowakosea.

Hapo ndipo akili yangu ilipofunguka. Kesho wanarekodi wimbo wa mwisho. Nitaziondoa karatasi zao, niweke za Nyumbu. Bendi itaupiga wimbo wangu, Ardith atashangaa, Wendell atauliza hii ni kazi ya fundi gani, nami nitainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nimefanya mazoezi ya kuinamisha kichwa mbele ya kioo. Twyla kaniuliza shingo imepatwa na nini.

Alhamisi, 7 Machi



Karatasi nilizibadili wakati wa kahawa. Wendell akahesabu. Bendi ikaanza. Mimi mlangoni na birika, kichwa kimeshainama. Ardith akafungua mdomo, akaimba wimbo wake mwenyewe. Juu ya namba zangu! Nilisahau kwamba namba hazina maneno wala mahadhi. Nusu ya nyimbo za mji huu zinapita njia hiyo hiyo.

Ningekasirika, ila sikupata nafasi. Wimbo ulimhusu baba yake, mchimba makaa ya mawe wa Kentucky aliyeingia mgodini asitoke, na mama yake ambaye mpaka leo, kila Jumapili, anavipangusa viatu vya mumewe vya kanisani na kuvipanga mlangoni. Kwenye mstari wa tatu, karatasi yake ilitakiwa kurudi kwenye moja, yaani nyumbani. Yangu, pale nyumbu anapogoma kuvuka mto, inakwenda kwenye sita, namba ya huzuni. Bendi ikaenda sita. Nikafumba macho kuisubiri aibu.

Ardith hakusita. Sauti yake iliifuata bendi kule chini, taratibu, na kwenye neno "viatu" ikapasuka kidogo. Ee Mungu wangu! Nywele zilinisimama. Sijawahi kusikia kitu kama kile, na sidhani kama nitasikia tena. Baba yangu naye alikuwa na viatu vya Jumapili. Sijui viko wapi.

Nikalia. Kwa sauti. Nilisahau kwamba tepu inazunguka.

Ijumaa, 8 Machi

Wendell amezigundua karatasi. Akauliza ni nani. Nikajitokeza kifua mbele: namba ni zangu, kwa hiyo wimbo ni wangu, jina langu liandikwe. Akasema namba hazina mwenyewe, hata bibi yake kule Arkansas anazo, na nitoke kabla hajahesabu hadi nne.

Kisha, kabla sijaufikia mlango, akairudisha tepu nyuma. Baada tu ya "viatu", kilio changu hicho! Buford akasema kuna mbuzi kakanyagwa. Wendell akataka warudie, wakarudia mchana kutwa kwa karatasi zilizo sahihi, mimi nje nimeegemea ukuta nasikiliza. Ulikuwa mzuri. Mzuri tu, basi.

Mwishowe Ardith akakata shauri: ibaki ile ya jana, na sita yake, na mbuzi wake. Akatoka nje kuniuliza jina langu kamili, liandikwe nyuma ya jalada. Nikauliza kama ni kwa ajili ya Nyumbu. Akanitazama. "Hapana, kaka. Ni kwa kile kilio. Jana kwa dakika chache hukuwa ukitafuta chochote. Ulikuwa ukisikiliza. Uwe hivyo siku zote."



Jumamosi, 9 Machi

Hatuhami! Twyla hakuniamini mpaka alipoongea na Ardith mwenyewe kwa simu. Aliweka simu chini, akasema kwamba tangu tuoane hiyo ndiyo sauti yangu ya kwanza ambayo sikuifanyia mazoezi. Akanibusu. Akafungasha ile aproni ya jogoo imrudie baba yake. Akaniomba, Delmas wangu, kuanzia leo ukae kimya usikilize watu.

Nimeyatafakari sana maneno ya hawa wanawake wawili. Wana haki. Miaka yote hii nimehangaika na gitaa, kumbe si ala yangu.

Jumatatu kuna mwimbaji mwingine anaanza albamu mtaa wa pili, na wanatafuta mpika kahawa. Nimeshajaribu kulia kwa vitunguu mbele ya kioo. Chekundu kinanipa sauti ya juu zaidi.