Nyumba ya Bi Eufrazia na Paipu Zake

Gozbert, dalali wa nyumba wa Kinondoni, alikuwa na sauti ya padri anayefungisha ndoa, na dhamiri aliyoitumia kwa nadra sana isije ikachakaa. Siku moja alipigiwa simu na mtu aliyejiita Khalfani.

"Braza, kuna nyumba ya kijani Kipawa, nyuma ya msikiti. Naitaka kwa bei yoyote. Ila mwenyewe ni mama mbishi, hatuelewani. Inunue wewe, mie nitanunua kwako."

Moyo wa Gozbert ukacheza singeli. Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwa Bi Eufrazia, mjane aliyestaafu ualimu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Jikoni, Gozbert alifungua bomba. Ukuta ukanguruma kama tumbo lenye njaa, maji yakatoka kwa kwikwi. Chini ya sinki, paipu za plastiki za enzi hizo zilikuwa zimepauka na kukauka kama biskuti, kila kiungo kimefungwa mpira wa baiskeli. Gozbert akashika kichwa kwa uchungu wa kuigiza.

"Mama, unalalaje humu? Paipu hizi siku hizi hata mafundi hawazigusi! Zikipasuka, nyumba imekwenda na maji. Nani mwenye akili atainunua?"

"Hakuna kabisa?"

"Labda mie. Kwa huruma tu."

Bi Eufrazia akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Usije kunilaumu baadaye, baba. Hayo maneno kayaseme mbele ya mjumbe wa mtaa, nilale kwa amani."

Gozbert akayasema, tena kwa madaha. Mbele ya mjumbe na mashahidi alitangaza kwamba paipu amezikagua, ni mbovu kupindukia, na anainunua nyumba hivyo hivyo. Kila tusi alilozitupia paipu lilimshushia bei. Hata hivyo akiba yake yote iliteketea, na gari akaliuza.

Alipokabidhiwa ufunguo tu, akampigia Khalfani. "Braza, nyumba ninayo!"

"Hongera sana," Khalfani akasema, akakata. Hakupatikana tena.

Jasho likamtoka Gozbert. Akaingia bafuni kunawa uso, akazungusha koki kidogo tu. Paipu ikapasuka kwa kishindo, maji yakashika njia ya sebuleni. Kelele zake zikamleta Tupokigwe, jirani, ndoo mkononi.

"Karibu mtaani, jirani!"

"Dada, unamjua Khalfani?"

"Mkwe wa Bi Eufrazia? Nani asiyemjua! Kijana mzuri yule. Siku zote kahangaika kumtafutia mama mteja, lakini kila anayefungua bomba anakimbia."

Gozbert akampigia Bi Eufrazia, sauti ya kipadri imempotea. "Mama, mmeniibia!"

"Jamani, tumekuibia nini, mwanangu? Ubovu wa paipu ulinieleza wewe mwenyewe, mpaka nikalia. Hayo ni maji nayasikia?"

"Ndiyo, mama."

"Koki kuu iko nyuma ya nyumba, karibu na mpapai. Haizunguki mpaka uipige teke. Ifunge kwanza, ndipo tuongee."

Gozbert akakunja suruali ya suti, akaingia majini. Na kwa mara ya kwanza tangu aanze udalali, alifunga mdomo kwa hiari yake, maana maji yalikuwa yanamrukia usoni.