Dakika Tatu za Ukimya

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Nimeficha siri miaka arobaini na mitatu. Daktari amesema moyo wangu hautaiona Krismasi, basi niandike. Zile dakika tatu za ukimya ambazo shule ya kanisa ya Thornbeck huzitunza kila asubuhi katika ibada, kinanda kikivuma chini kwa chini, hazikutokana na sala. Nilikuwa mwalimu mkuu. Asubuhi moja mshumaa uliwashwa, watoto wakaketi sakafuni wamekunja miguu, nikasema tufumbe macho. Nikafumba. Nikalala. Nimesimama wima, kama farasi! Nilipozinduka walimu walikuwa wakifuta machozi. Kesho yake wakaomba turudie. Hatujaacha.

Ijumaa, katika ibada ya mavuno, watabandika ukumbini kibao cha shaba chenye jina langu. Siwezi kwenda kaburini na uongo wa shaba. Nitakiri kabla ya Ijumaa.

(Ila kibao ni kizuri. Nimeonyeshwa picha.)

Jumanne, 8 Oktoba

Nimempigia simu Mwalimu Dunmore, mwalimu mkuu wa sasa. Nikasema nina jambo zito kuhusu kibao. Akasema anajua, herufi ni ndogo mno, ameshaagiza kikubwa zaidi. Nikamshukuru. Kwa nini nilimshukuru? Mdomo wangu una adabu kuliko dhamiri yangu.

Mchana akaja Bibi Tasker na supu ya viazi. Ndiye mpiga kinanda wa ibada tangu enzi zangu mpaka leo. Ukimya wangu ulimeza ubeti wa tatu wa kila wimbo wake, na hajanisamehe. "Kibao!" akasema. "Mimi na kile kinanda chenye meno mabovu, hata msumari hatujapewa." Supu ilikuwa tamu sana. Nilitamani isiwe.

Jumatano, 9 Oktoba

Mbinu kabambe! Kila asubuhi mtoto mmoja huchota karatasi ya sala kutoka mtungi wa kioo na kuisomea shule nzima. Nikaandika yangu, bila jina: "Mungu nisamehe. Nililala katika ibada, watu wakadhani nasali." Bibi Tasker akanipeleka kwa gari lake. Nikaiweka juu kabisa. Niliwaza kwamba ikishasomwa nitainua mkono tu.

Ottilie wa darasa la pili akaichota. Akaisoma silabi kwa silabi. Mkono wangu ulikuwa umefika kifuani pale Kasisi Lyle, kijana wa kanisa letu, aliposimama, mwekundu kama nyanya, akasema ni yeye, ilikuwa Alhamisi iliyopita, nyumbani kuna mtoto mchanga na hawalali. Watoto wakampigia makofi. Mwalimu Dunmore akamkumbatia. Mimi hakuna aliyenitazama.

Nimeporwa dhambi yangu na mwanagenzi aliyesinzia mara moja tu!

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimemwambia Bibi Tasker kila kitu. Nilitegemea akasirike, akimbie shuleni, anitangaze. Kwa mara ya kwanza ule ulimi wake ungenifaa.

Alicheka mpaka miwani ikaanguka kwenye supu.

"Ambrose, mzee wangu, unadhani kinanda kile kilikuwa kinavuma kwa nini? Ulikuwa unakoroma! Nilibonyeza noti za chini zote nilizokuwa nazo. Goti langu hili limeharibika kwa kukanyaga pedali kwa ajili yako."

Alijua. Miaka yote hiyo alijua! Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akaokota miwani, akaipangusa kwa aproni. Akasema Jumamosi ya kabla ya siku ile nilikuwa nimemzika mke wangu Rosalind, na shule nzima ilikuwa inaona kwamba silali. "Nikasema, mwacheni mtoto wa watu apumzike."

Nilikula supu pamoja na chumvi ya macho yangu.

Nimeamua. Kesho nasema yote, na kibao kiandikwe jina lake.

Ijumaa, 11 Oktoba

Ukumbi ulijaa sadaka za mavuno: makopo ya maharagwe, mikate, na boga kubwa kuliko Ottilie. Watoto wakaniimbia salamu kwa kule kuvuta maneno kwao: "Ha-baa-ri za a-su-bu-hi, Bwa-na Fen-ni-mooore!" Nikasimama, nimeshika kiti. Nikasema, watoto wangu, nina ungamo. Lakini kwanza tufumbe macho kidogo, nipate ujasiri.

Nilipofumbua, kinanda kilikuwa kinanguruma kama treni na Bibi Tasker akitokwa na jasho. Mshumaa ulikuwa umefupika. Walimu wote walikuwa wakilia. Kasisi Lyle alikuwa amepiga magoti karibu na boga. Dakika kumi na moja! Darasa la sita wameomba iwe kumi na moja kila siku kuanzia Jumatatu.

Mwalimu Dunmore akaninong'oneza, je, nina neno la kuongeza? Bibi Tasker alinikazia macho juu ya kinanda.

Nikasema, "Amina."

Kibao kimebandikwa. Ni kikubwa. Kinang'aa vizuri ukikaa upande wa dirishani, nami nilikaa upande wa dirishani. Jumatatu nitarudi kukiri, safari hii kwa hakika. Bibi Tasker amesema atanipeleka, na kwamba ataanza kulifunga goti lake bandeji mapema.

Watoto wale, Mungu awabariki, hawakukohoa hata mmoja. Basi niseme: tangu Rosalind afariki, sijawahi kulala vizuri popote pengine.